Padri wa kwenye muvi hana parokia: hivi hawa watu wa sinema wanatuonaje Wakatoliki? (uzi mrefu kidogo)

#1 Mtumishi wa Zamani

Wakuu salaam, na kwa wale wa kwetu Tumsifu Yesu Kristo.

Juzi nimerudia kuangalia Conclave, ile muvi ya makadinali wanaochagua papa, nikiwa na mke wangu na shemeji yangu mmoja ambaye ni Mlutheri, KKKT damu damu, muvi ya masaa mawili tumeitazama masaa matatu na kitu maana kila baada ya dakika kumi jamaa anachukua rimoti anasimamisha ananiuliza "hivi kweli mnafanyaga hivi?" Nikawa namjibu weee mpaka nikachoka, nikasema ngoja nilete huku tuongee vizuri.

Nijitambulishe kidogo msije mkasema napiga domo tu. Nimetumikia altareni toka darasa la tatu, nikaenda seminari ndogo, nikatoka kidato cha nne kwa hiari yangu mwenyewe (mama mpaka leo hakubali hilo neno "hiari"). Kwa hiyo ubani nimeunusa sana na chetezo nimekizungusha mpaka mkono ukauma.

Turudi kwenye Conclave. Yule Kadinali Adeyemi wa Nigeria anachezwa na Lucian Msamati, wazazi wake ni Watanzania, yeye kazaliwa London kakulia Zimbabwe. Nilivyomuona na ile sauti yake nzito nikamwambia shemeji huyu ndo staringi leo, na staringi hafi. Kura za mwanzo jamaa yuko mbele kabisa. Mara anatokea sista kutoka Nigeria, kumbe kuna mtoto wa miaka thelathini iliyopita, upapa ukaishia pale pale. Roho iliniuma aisee. Nakubali kile kipande anavyovunjika mbele ya Kadinali Lawrence ndo kipande bora cha muvi nzima, Msamati pale kaua. Ila jiulizeni, Mwafrika amekaribia kile kiti kwenye muvi kubwa ya dunia halafu cha kumwangusha kikawa mtoto wa nje. Wazungu waliomo mle wanaangushwa na fitina, hongo na siasa, yaani makosa ya watu wenye akili. Sisi zipu.

Na sio kwamba Mwafrika kwenye chumba cha kura ni hadithi ya kutunga. Laurean Rugambwa wa Bukoba kapewa ukadinali 1960, kaingia kupiga kura 1963, kaingia tena mara mbili mwaka mmoja, 1978. Na Mei 2025, muvi ikiwa bado ya moto, Kadinali Protase Rugambwa wa Tabora alikuwa ndani ya kikanisa cha Sistina kule Vatikani pamoja na wenzake, jumla 133, wakimchagua Leo wa 14. Kama unatafuta kisa mbona vipo.

Sasa hoja yangu yenyewe. Padri wa kwenye muvi hana parokia. Angalieni vizuri. Ana kanzu, ana rozari, ana kanisa kubwa la mawe lenye giza na mishumaa mia mbili (bili ya umeme hawajalipa au vipi?), lakini hana jumuiya ndogo ndogo, hana katekista, hana kina mama wa WAWATA wanaomgombeza kuhusu mapambo, hana kigango cha kilomita arobaini cha kwenda na pikipiki kusoma Misa ya pili, hatangazi michango ya kupaua ukumbi. Hana waumini! Ukihesabu watu kwenye yale mabenchi ni bibi mmoja na muuaji. Padri ninayemjua mimi asilimia kubwa ya maisha yake ni vikao. Huyo sijawahi kumuona kwenye skrini.

Kwenye muvi kazi zake ni mbili, kupunga mapepo na kusikiliza kitubio cha jambazi. Na siku hizi imeongezeka ya tatu, mnaijua.

Hapo kwenye mapepo nataka kusema kitu kitakachowashangaza. The Exorcist ya 1973, ile iliyotufanya tusilale, ndo yenye adabu kuliko zote zilizofuata. Mimi niliiona kibanda umiza (vile vibanda vya kulipia video) nikiwa darasa la tano kwa shilingi hamsini, Jumapili iliyofuata nikakataa kuvaa alba, ile kanzu nyeupe ya altareni, nikamwambia paroko naumwa tumbo, akaniuliza umeangalia nini wewe, nikalia. Lakini nilivyokuja kuirudia ukubwani nikaona kumbe wameifanyia kazi. Yule mama hakimbilii kanisani, anampeleka mtoto hospitali kwanza, vipimo mpaka vya kuchoma sindano shingoni, madaktari wakishindwa ndo wao wenyewe wanataja hilo jambo. Padri Karras ni daktari wa akili na ndo mbishi kuliko wote. Anamnyunyizia binti maji ya bomba anadanganya ni ya baraka, "pepo" linapiga kelele, jamaa anazidi kuwa na mashaka. Halafu anaenda kuomba ruhusa kwa askofu. Na ndivyo sheria inavyosema, kanuni ya 1172, hakuna kumpunga mtu bila kibali cha wazi cha askofu wa mahali. Hizi za siku hizi padri anafika na begi, mlango unajifunga wenyewe, Kilatini kinaanza. Kibali kakipata wapi? Nani kamtuma?

Kosa la Conclave nalo nilitaje. Yule kadinali wa Kabul aliyeteuliwa kwa siri na papa anafika na barua anaingizwa kupiga kura. Haiwezekani. Papa akifa kabla ya kutangaza jina, uteuzi umekufa naye. Yohane Paulo wa Pili alimteua mmoja wa siri 2003, akafariki 2005 hajamtaja, mpaka leo mtu huyo hajulikani ni nani na wala hakupiga kura popote. Maana yake muvi nzima imesimama juu ya mtu ambaye alitakiwa aishie getini, na ukija kuona ndo yeye anayekuja kuwa...

Tiririkeni.

#2 Kipimajoto

Umemwaga mwisho wa muvi mkuu!! Nilikuwa nimeishusha jana usiku na bando la mwisho kabisa. Mungu anakuona.

#3 Mtumishi wa Zamani

Nisamehe kaka, nimeishia kwenye nukta tatu ujue. Bado kuna kitu hujakijua pale mwishoni, nenda kaangalie.

#4 Mlutheri wa Machame

Mimi ndo yule shemeji hahaha, nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi.

Hilo la kwamba mnaonewa mimi silioni, naona mnapendwa mno. Muvi ya kutisha ikitaka kanisa inakwenda kwenu, haiji kwetu. Kwa nini? Macho. Kamera inataka kitu cha kuonekana. Nyie mna moshi, mna dhahabu, mna kijisanduku cha kitubio chenye kidirisha cha vitundu tundu ambacho mwanga ukipita unachora mistari usoni mwa mtu, mpiga picha gani ataacha hicho? Sasa mlete mchungaji wetu na suti ya kijivu na Biblia ya zipu, jini lenyewe litamuuliza ulikuwa na miadi?

Mchungaji akionekana kwenye muvi za Marekani basi ni tapeli wa hema au baba mkali anayechapa watoto. Ila njoo huku kwetu mambo yanageuka. Muvi za Nollywood zile za mkanda na Bongo Movie zake, anayeshinda uchawi ni mchungaji wa kilokole, suti nyeupe, jasho, "shindwa!", mchawi anaanguka anatoa povu, wanaandika Kwa Mungu Ni Utukufu, zimeisha. Padri humo hayumo kabisa, au yumo kwenye harusi dakika moja. Kwa hiyo kila soko lina mpunga pepo wake, msijione.

Halafu kama unataka muvi ya masista isiyo na kutisha wala kuimba imba tafuta Lilies of the Field, 1963. Sidney Poitier ni fundi Mbaptisti anapita na gari lake, anakutana na masista wa Kijerumani jangwani Arizona, mama mkubwa wao anamwambia Mungu amekuleta utujengee kanisa, na hela hawana. Wanagombana kuhusu mshahara kwa kutumia mistari ya Biblia! Ndo iliyompa Poitier Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuchukua ya muigizaji mkuu wa kiume. Kichekesho chake ni kwamba masista wanakula yai moja kila mtu asubuhi na jamaa ana njaa. Hapo ndo nimeuona utawa kama ulivyo.

#5 Chuma Ulete

Mnazunguka mbuyu. Hollywood wanauchukia Ukristo full stop. Kila muvi padri ni mbakaji au ana mashaka na imani, sista ni shetani (mmeona ile The Nun ya 2018? shetani amevalishwa kilemba cha mtawa!!). Hiyo ni ajenda, inalipiwa.

#6 Mtumishi wa Zamani

@Chuma Ulete mkuu hapo ndo nilipokuwa napataka maana watu wengi hawajui hii historia.

Miaka zaidi ya thelathini Hollywood ilikuwa mkononi mwetu. Sio utani. Ile kanuni ya maadili ya sinema ya 1930 iliandikwa na Mkatoliki mlei, Martin Quigley, mwenye magazeti ya sinema, pamoja na padri Mjesuiti, Daniel Lord. Mwanzoni studio ziliipuuza. Ilivyofika 1934 maaskofu wakawa na jeshi lao la waumini wanaokula kiapo kanisani kutoangalia muvi chafu, studio zikaogopa kukosa hela, wakamweka Joseph Breen, Mkatoliki tena, asome kila skripti kabla haijapigwa picha. Na ndani ya kanuni kulikuwa na kipengele kabisa: mtumishi wa dini asifanywe kichekesho wala adui.

Sasa ukijua hilo ndo utaelewa kwa nini mapadri wa muvi za zamani wote ni watamu kama juisi ya miwa. Bing Crosby kwenye Going My Way ya 1944, padri kofia ya majani, anaimba, anawafundisha kwaya vijana wahuni, ikabeba Oscar ya muvi bora. Kwenye On the Waterfront ya 1954 ni padri wa bandarini anayesimama na makuli dhidi ya majambazi wa chama chao, na yule alikuwepo kweli, alikuwa Mjesuiti. Halafu kanuni ikafutwa 1968. Miaka mitano tu baadaye The Exorcist hiyo hapo.

Kwa hiyo swali langu kwako, je, ile picha nzuri ya mwanzo ilikuwa kweli au ilikuwa tangazo? Mimi naona ilikuwa tangazo, na tangazo lile lilituponza. Mzazi wa miaka ya hamsini aliyelelewa na mapadri wa Bing Crosby angeanzaje kumsikiliza mtoto wake anayerudi nyumbani analia? Hiyo The Nun siitetei, ni upuuzi mtupu, hata kusali hawajui mle. Ila usiniambie walitutukana tu toka mwanzo.

Na hata hiyo Exorcist, kuna padri kabisa mle ndani. Yule anayecheza Padri Dyer alikuwa Mjesuiti wa kweli, William O'Malley, alikuwa mwalimu. Kile kipande cha mwisho anampa mwenzie Karras ondoleo la dhambi pale chini ya ngazi, mikono inatetemeka, mnajua kwa nini? Dairekta alimzaba kofi sekunde chache kabla ya kamera kuwaka. Kampiga padri kofi! Na padri akaendelea na sala.

#7 Binti Pangani

Assalaam aleykum. Mimi Muislamu napita tu lakini nimecheka sana. Nyie mnalalamika mnapewa mishumaa na mashetani, sisi tunapewa mabomu, jangwa na muziki wa zumari. Angalau padri wenu anashinda lile jini mwisho wa muvi.

Nina moja nataka kuitaja, ya Kifaransa, Of Gods and Men ya 2010. Ni watawa wa Tibhirine kule Algeria, kisa cha kweli, saba walitekwa wakauawa 1996. Nilianza kuiangalia nimekunja uso nikijua Waislamu tutachinjwa humo (samahani, mmenielewa). Lakini muda mwingi wa muvi ni wale wazee wanalima, wanauza asali sokoni, yule mtawa daktari anatibu kina mama wa kijijini, anaongea na binti mmoja kuhusu mapenzi kama babu na mjukuu. Waislamu wa pale ndo majirani zao, wanawaalika kwenye sherehe, wanawaambia msiondoke. Mtumishi wa Zamani, wewe unasema padri wa muvi hana parokia, hawa wana kijiji, na kijiji chenyewe hakina Mkatoliki hata mmoja. Ile siku wanakunywa divai mezani wanasikiliza kaseti ya muziki na hakuna anayeongea, kamera inapita uso kwa uso, mimi nililia wallahi.

#8 KaNaivasha

Manze huu uzi uko sawa. Niko Kenya. Mnasahau muvi ambayo watu wengi wa huku waliiona kabla ya zingine zote, Filamu ya Yesu, ile ya 1979. Gari inakuja kijijini na jenereta, kitambaa cheupe kinafungwa kwa miti miwili, watoto wote tunakaa chini na mbu. Yesu anaongea Kiswahili sanifu kutuliko! Hiyo muvi imetafsiriwa lugha zaidi ya elfu mbili. Kuna mtu wa nyuma alikuwa anarusha mawe kwa askari wa Kirumi mpaka wakasimamisha mashine.

Halafu hii nyingine mtaniua. Shosho (bibi) yangu ni Mkatoliki wa kufa, alikuwa na picha ya Yesu sebuleni, macho ya bluu yanakufuata kokote. Nikiwa campus ndo naona Jesus of Nazareth ya Zeffirelli, ya 1977. Ni yeye! Ni huyo huyo wa ukutani! Muigizaji Muingereza anaitwa Robert Powell. Nikarudi nyumbani Disemba nikamwambia shosho hii si Yesu, huyu ni muigizaji na bado yuko hai. Akanyamaza kidogo akaniambia, "Na wewe unafikiri wale waliochora zingine walimuona?"

Sikuwa na jibu mse.

#9 Mtumishi wa Zamani

Shosho apewe jimbo.

#10 Mtu wa Boyoma

Jambo bandugu. Miye niko Kisangani, Kiswahili yangu ni ya huku Kongo mutanisamehe. Hamujataja filme yetu. The Nun's Story, ya 1959, Audrey Hepburn. Baliicheza huku huku, wakati mji ungali Stanleyville, Babeleji bangali bakubwa. Baba yangu mukubwa alikuwa mutoto wakati ule, alikuwa anasema bazungu balikuja na bamashini mingi na ule mwanamuke alikuwa mwembamba sana, batu balimuhurumia balizani mugonjwa.

Ni histoire ya masera (sista) mumoja muuguzi wa Ubeleji, anataka sana kuja Kongo kufanya kazi ya lopitalo. Vile banaonyesha maisha ya bamasera ni ya kweli kabisa, kunyamaza, kengele ikilia unakata neno katikati, kupiga magoti mbele ya bengine na kusema kosa lako. Hakuna shetani, hakuna bwana anamupenda na kumutorosha. Anapiganaka na kutii tu. Mwisho anavua nguo ya utawa, anavaa ya kawaida, mulango unafunguka peke yake anatoka, na hakuna muziki hata kidogo. Unasikia tu kengele.

Lakini sisi batu ya Kongo ndani ya ile filme tuko kama miti ya nyuma. Tunabeba, tunacheka, tunaimba. Miaka kidogo tu kisha ile filme, 1960, inchi ikapata uhuru. Hakuna ndani ya ile filme kitu inakuonyesha ile jambo inakuja.

#11 Katekista Mstaafu

Milele Amina, Mtumishi. Mimi ni mzee, simu hii kanipa mjukuu, nitaandika taratibu.

Kijana umesema vizuri ila umepita haraka kwenye kitubio, na hapo ndipo sinema zinapoharibu zaidi kuliko kwenye mapepo. Mapepo watu wanajua ni mchezo. Kitubio wanaamini. Nimefundisha mafundisho miaka mingi, watoto wa Kipaimara wananiuliza "katekista, padri akisikia mtu ameua si anapiga simu polisi?" Wametoa wapi? Kwenye muvi, padri anatoka anamnong'oneza mpelelezi. Padri akivunja siri ya kitubio moja kwa moja anajitenga na Kanisa pale pale, bila kusubiri hukumu. Hata kuokoa uhai wake mwenyewe haruhusiwi.

Ipo moja iliyofanya sawa. Tulionyeshwa na padri mmoja mmisionari, mashine ya mikanda, mimi nikiwa kijana. I Confess, ya 1953, ya Hitchcock. Mtunza kanisa anaua mtu akiwa amevaa kanzu ya padri, usiku huo huo anakuja kuungama kwa padri wake. Mashahidi wameona kanzu. Polisi wanamkamata padri. Na padri anajua muuaji ni nani, anamuona kila asubuhi anapanga maua, na hawezi kusema neno. Anaenda mpaka mahakamani amenyamaza. Hitchcock mwenyewe alisomeshwa na Wajesuiti. Nasikia watu wengi Marekani waliona ni upuuzi, walisema kwa nini huyu padri hasemi tu. Sisi pale ukumbini hakuna aliyeuliza hivyo. Tulikuwa tumebana pumzi.

Na yule anayecheza mpelelezi kwenye hiyo sinema ndiye huyo huyo padri wa bandarini uliyemtaja, Karl Malden. Mwaka mmoja anamkamata padri, mwaka unaofuata ni padri.

Kuhusu katekista kutoonekana kwenye sinema, nashukuru umelitaja. Hata parokiani hatuonekani.

#12 Chuma Ulete

Mzee heshima yako. Ila Mtumishi bado hujajibu kuhusu Spotlight, ile ya waandishi wa Boston waliofichua mapadri walionajisi watoto. Ilipewa Oscar ya muvi bora kwa sababu inalichafua Kanisa, huo ndo ukweli.

#13 Mtumishi wa Zamani

Mkuu imechafua nini ambacho hakikuwepo? Gazeti la Boston Globe lilichapisha Januari 2002, Desemba mwaka huo huo Kadinali Law, askofu mkuu wa pale Boston, akajiuzulu. Muvi imekuja 2015. Miaka kumi na tatu baadaye! Hawakuzua kitu, walichelewa.

Na ukiiangalia vizuri utaona padri mbaya haonekani karibu kabisa. Kuna kipande mwandishi anagonga mlango, anafungua padri mzee mstaafu, anakiri pale pale kwa upole kama anaongelea hali ya hewa, dada yake anakuja anafunga mlango. Basi. Hakuna mishumaa, hakuna Kilatini, nyumba ya kawaida na zulia. Mimi nilishtuka zaidi pale kuliko kwenye Exorcist yote. Waandishi wenyewe wamelelewa Kikatoliki, mmoja bibi yake ni mtu wa kanisani haswa. Hao ndo waumini niliokuwa nawatafuta kwenye skrini, halafu nimewapata kwenye muvi ambayo sikutaka kuiona. Niliizima mara ya kwanza, ukweli nasema. Niliimaliza mwaka uliofuata peke yangu, mke amelala.

Wanaochukia kanisa hawafanyi kazi ya hivyo. Anayechukia anatengeneza The Nun.

Anyway. Katekista, mzee wangu, umenipa wazo. Jumamosi jumuiya inasalia kwangu, nimeongea na mwenyekiti, baada ya sala na chai tutaweka I Confess, ukuta wa sebule ni mweupe na projekta ya kazini naazima. Tatizo ni lugha, kina mama wengi pale Kiingereza hapana. Kuna mwenye maandishi ya Kiswahili? La sivyo itabidi nisimame pembeni niwatafsirie mwenyewe kama wale wa kibanda umiza.

#14 Mlutheri wa Machame

Nakuja. Nitakaa mbali na rimoti.

#15 Kipimajoto

Watafsirie tu mkuu, ila mwisho usiwasimulie wakati chai bado ipo mezani. Nakujua.